Palermo na Saa za Vyakula Vyake



Mnamo mwaka 1154, katika kasri ya mfalme wa Kikristo aliyeitwa Ruggero wa Pili, mwanachuoni mmoja wa Kiislamu, Sharif al-Idrisi, alimaliza kuandika kitabu kikubwa cha kueleza dunia yote iliyojulikana na watu wa zama zake. Na ndani ya kitabu hicho, pamoja na habari za Roma na Sham na Andalusi, akaitaja pwani ya Wazanji, akaitaja Malindi na chuma chake, akaitaja na Mombasa, hata majina ya miji yetu yakawa yameandikwa kwa wino katika mji wa Palermo, kisiwani Sicily, katikati ya bahari ya Mediterania, zaidi ya miaka 300 kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Siyasemi haya kwa ajili ya fakhari, ijapokuwa fakhari kidogo haimdhuru mtu. Nayasema kwa kuwa al-Idrisi huyo huyo, ambaye mfalme alimtaka aieleze dunia tangu mashariki hata magharibi, hakuona unyonge kusimama katika mahali padogo paitwapo Trabia, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka Palermo, akaeleza vinu vya maji vya hapo, na itriya, yaani tambi, zilizotengenezwa hapo kwa wingi hata zikapakiwa majahazini kupelekwa Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Madhali bwana huyo aliweza kutua kalamu yake juu ya unga, nami natumai mtaniwia radhi nikiyatoa mazungumzo ya leo yote kwa vyakula vinavyoliwa kwa mkono, wima, katika barabara za mji ule.

Palermo ni bandari kongwe. Wafoinike waliijenga, Wagiriki wakafanya biashara nayo, Warumi wakaitawala, Waarabu wa Ifrikiya wakaitwaa mwaka 831 na kuifanya makao ya utawala wa kisiwa chote, kisha Wanormani wakawanyang'anya mwaka 1072. Na wote hao, pamoja na Wahispania waliokuja baadaye, waliongeza mawe juu ya mawe. Atakaye kuyaona mawe ataonyeshwa. Ataonyeshwa kanisa la ndani ya kasri ambalo dari yake ya mbao ni kazi ya mafundi wa Kiislamu, ataonyeshwa nguzo moja katika ukumbi wa kusini wa kanisa kuu iliyochongwa aya ya Surat al-A'raf na ambayo ingali pale hadi leo, na ataambiwa kwamba tangu mwaka 2015 majengo hayo yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni majengo ya kustaajabisha, wala sitaki kuyapunguzia heshima yake. Ila majengo huwakumbuka waliokuwa na mali ya kujengea, hali ya kuwa mji haukukaliwa na hao peke yao, na fukara aliyechinja, aliyekaanga na aliyebeba kapu kichwani hakuacha dari wala kuba. Alichoacha kingali kinauzwa.

Sasa, mgeni hana budi ajue kwamba vyakula vya barabarani vya Palermo havitoki vyote kwa pamoja. Kila kimoja kina saa yake, baadhi vina msimu wake, na viko ambavyo siku yake hasa ni moja tu katika mwaka mzima. Hivyo anayeingia mjini saa tano asubuhi akiwa na hamu ya kuonja kila kitu kabla ya alasiri ataambiwa kwa upole kwamba hiki hakijatoka, na kile kimekwisha, na hicho kingine arudi Desemba. Hapa ndipo ulipo msingi wa taratibu ninayotaka kuisifu. Siwashauri watu waende polepole kwa sababu polepole ni jambo la kupendeza, maana wako wanaokwenda polepole na wasione kitu. Nawashauri hivyo kwa kuwa mpishi wa Palermo hana ratiba ya mgeni, ana ratiba ya makaa yake na ya tumbo la jirani yake.

Asubuhi basi na tuanze katika soko la Ballarò, ambalo ni soko la kale kupita kiasi na lingali soko kweli kweli, yaani mahali ambapo bibi wa nyumba hununua biringani za mchana. Njia ni nyembamba, na juu yake yametandwa maturubai mekundu, ambayo kivuli chake huitia nyama na samaki rangi ya kuonekana vimekatwa sasa hivi. Huo ni ujuzi wa wachuuzi, nami siuiti udanganyifu, kwani kila mtu wa pale anaujua. Kichwa cha samaki yule mwenye upanga puani husimamishwa juu ya meza, upanga ukielekea mbinguni. Na katikati ya hayo yote wauzaji hunadi. Si kelele za kuita tu. Ni nadi ya mizani, inayoanza juu, ikashuka, ikavutwa mwishoni kwa irabu moja ndefu, na kila muuzaji ana yake aliyorithi kwa baba au aliyoiiba kwa jirani, hata mtu aliyezoea anaweza kujua kwa sikio tu kwamba amefika kwenye zeituni na bado hajafika kwenye dagaa.

Chakula cha saa hizo ni panelle. Mpishi huchukua unga wa dengu, ule ule ambao sisi twautia katika bajia, akaukoroga na maji na chumvi juu ya moto pasipo kupumzisha mwiko, mpaka uwe mzito na kuanza kuachana na sufuria. Hapo hutia majani mabichi yaliyokatwakatwa, jamaa ya kotmiri, akautandaza mwembamba ungali moto, kwa maana ukipoa hautandaziki tena. Zamani ulitandazwa juu ya vibao vidogo vya mti vilivyochongwa maua, na kila kipande kikatoka na ua lake mgongoni. Siku hizi aghalabu ni kisu tu na pembe nne. Vipande vikishapoa hukaangwa katika mafuta mengi, vikavimba kidogo pembeni, vikatiwa vingi pamoja ndani ya mkate wenye ufuta, chumvi ikanyunyizwa na limau likakamuliwa. Mkate ndani ya mkate, atasema mtu, na ni kweli. Chakula hiki hakikutungwa kwa ajili ya aliyeshiba. Kilitungwa kwa kuli wa bandarini na fundi wa mawe, wafike hata adhuhuri bila ya kuona njaa, na hadi leo hakuna kitu cha bei nafuu zaidi ya hicho katika mji wote. Kwa Mwislamu asiyetaka mashaka, panelle ni rafiki wa kwanza, almuradi aulize kwanza mafuta yaliyomo karaini ni ya mbegu au ni ya mnyama.

Swali hilo la mafuta, wasikilizaji wangu, si dogo, kama mtakavyoona adhuhuri.

Maana adhuhuri ni saa ya wengu. Karibu na bandari ya zamani, na pia mbele ya kanisa la San Francesco ambako duka moja la chakula hiki lilifunguliwa mwaka 1834, utamkuta mtu ameketi nyuma ya sinia kubwa la bati lililoinamishwa, upande wake wa chini ukiwa na shahamu inayochemka taratibu, na upande wa juu mkavu. Wengu na mapafu ya ndama yamekwisha kuchemshwa mapema na kukatwa vipande vyembamba, nayo yamepangwa upande wa juu yakingoja. Mteja akisema neno, mtu yule husukuma vipande kiasi chake viteremke ndani ya shahamu, akaviacha kitambo, akavinyanyua kwa uma wenye meno mawili na kuvigandamiza ubavuni mwa sinia vichuruzike. Mkono wa pili umekwisha kupasua mkate wa mviringo wenye ufuta, na vipande huingia ndani yake pasipo kugusa meza. Kisha huulizwa swali moja tu, nalo ni kama wautaka mseja au wautaka ulioolewa: mseja hutiwa limau na chumvi basi, na ulioolewa huongezwa jibini laini nyeupe ya maziwa ya kondoo, au jibini kavu iliyoparuzwa, au zote mbili. Chakula chote hakichukui dakika moja kutengenezwa. Kukila ndiko huchukua muda, kwa kuwa shahamu hupita katika mkate na kuteremka mkononi, na mtu husimama ameinama mbele, miguu ameipanua, ili asichafue viatu vyake. Ukiwaona mawakili na wachukuzi wa mizigo wote wamesimama kwa namna hiyo moja, huna haja ya kuambiwa jambo lolote zaidi juu ya usawa wa watu.

Wenyeji husimulia, nami naipokea riwaya hii kama riwaya, kwamba wengu ulianzwa na Mayahudi. Palermo ilikuwa na mtaa wao mkubwa, na wachinjaji wao, ambao kwa dini yao hawakuruhusiwa kuchukua fedha kwa kazi ya kuchinja, waliachiwa matumbo, mapafu na wengu kuwa ndio ujira wao. Navyo walivichemsha wakaviuza ndani ya mkate kwa yeyote aliyepita, Mkristo au mwingineye. Ikaja amri ya mfalme Ferdinando mwaka 1492, Mayahudi wote wahame, na kufikia Januari ya mwaka 1493 kisiwa chote cha Sicily hakina tena jumuiya ya Kiyahudi. Leo katika mtaa ule, hasa kando ya njia ya wafua masufuria, vibao vya majina ya barabara vimeandikwa kwa lugha tatu, Kitaliani, Kiebrania na Kiarabu, kwa heshima ya waliohama. Ni jambo jema, lakini ni jambo la juzi. Heshima ya zamani zaidi, kama ni heshima, ni ule mkate wa wengu.

Nimesema kama ni heshima kwa makusudi. Tazameni chakula hicho kilivyo leo: shahamu ile inayochemka sinia nzima ni ya nguruwe, ambayo ni haramu kwa Myahudi kama ilivyo haramu kwa Mwislamu, na ule mkate uitwao ulioolewa umeunganisha nyama na jibini, jambo ambalo sharia ya Kiyahudi inalikataza kwa ukali. Walioondoka, lau wangerudi wakapewa kazi ya mikono yao wenyewe, wasingeweza kuitia kinywani. Waliobaki walikichukua chakula, wakakipenda, wakakihifadhi karne tano bila ya kukosa siku, na wakakibatiza. Sijui mahali pengine ambapo taarikhi ya kufukuzwa kwa watu inaelezwa wazi namna hii, tena kwa bei ya sarafu chache. Wala si Mayahudi peke yao, kwa kuwa Waislamu wa Sicily nao, waliowalimia Wanormani miwa na machungwa na kuwaandikia vitabu, walihamishwa na mfalme Federico wa Pili kuanzia miaka ya 1220 wakapelekwa Lucera, bara ya Italia, na mifereji yao ya maji ikaendelea kunywesha bustani za watu wengine.

Msikilizaji mmoja ataniuliza, basi wewe ulikula nini? Nilikula kwa macho, na kwa macho mtu hujifunza mengi. Asiyekula haramu hatakufa njaa Palermo: mbali na panelle kuna pweza, ambaye huchemshwa mzima katika sufuria kubwa, akatolewa mwekundu na kukatwa mbele yako juu ya sinia la kaure, kichwa kikiwekwa pembeni kwa ajili ya wajuzi, na kitu pekee kinachotiwa ni limau, na pweza wa Mediterania, nasema haya nikijua nitajipatia maadui Unguja na Lamu, ni laini kuliko wetu.

Kuna chakula kimoja, hata hivyo, ambacho hata macho hayaruhusiwi. Kinaitwa frittola. Ni mabaki ya ndama, mishipa, mifupa laini na ukano, yaliyochemshwa na kukaangwa, nayo hukaa ndani ya kapu la wastani lililofunikwa kwa vitambaa ili yasipoe. Muuzaji huingiza mkono chini ya kitambaa, akapapasa, akatoa konzi moja na kuitia ndani ya karatasi au mkate, akakupa; wewe huoni kilichomo kapuni kabla ya kulipa, na baada ya kulipa wenye busara hawatazami sana. Wauzaji wa frittola wamebaki wachache. Nilimwona mmoja, mzee mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akihudumia foleni ya wanaume watupu, na kila aliyepokea fungu lake alilinusa kwanza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kusimama ukutani. Hapakuwa na mtu aliyemwuliza mzee yule swali lolote, kwa kuwa biashara yote ile imejengwa juu ya kuaminiana, nami nikadhani ni adabu zaidi kutouliza vilevile.

Alasiri, watu wanapoamka katika usingizi wa mchana, hupita sfincione. Huu ni mkate mnene, laini, uliotandazwa nyanya, vitunguu vilivyopikwa kwa moto mdogo hata vikayeyuka, dagaa wa chumvi, jibini, na juu ya vyote chenga za mkate zilizorowa mafuta. Huuzwa juu ya vigari vya magurudumu matatu, jamaa ya bajaji, vyenye kipaza sauti kinachonadi kwa unaso kwamba mkate umetoka jikoni sasa hivi na unanukia. Na kwa kuwa wauzaji wengi wanatumia unaso ule ule wa mtu mmoja, mgeni anayeusikia mtaa huu, kisha akausikia mtaa wa pili, hudhani kwamba anafuatwa. Kwamba mkate umetoka jikoni sasa hivi ni maneno ya unaso. Utamu wake hauhitaji ushahidi huo.

Na hapo kwenye vitunguu siwezi kujizuia kumtaja msafiri mwingine, Ibn Hawqal, aliyefika Palermo kwenye mwaka 973, zama za Waislamu. Alishangazwa na wingi wa misikiti, akasema inazidi 300, kisha akawakasirikia wenyeji kwa kiasi kikubwa, akaandika kwamba wanakula vitunguu vibichi asubuhi na jioni, watu wakubwa kwa wadogo, na kwamba vitunguu hivyo vimewaharibu akili. Wanataarikhi wamejitahidi kutafuta sababu za kisiasa za hasira yake, na huenda zipo. Lakini mimi nimewahi kukaa ndani ya basi la Palermo wakati wa joto, jioni, na niliona kwamba bwana yule alistahili kusikilizwa.

Vya siku moja katika mwaka navyo nitavitaja kwa ufupi. Tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Santa Lucia, watu wa Palermo hawali mkate wala tambi, nao ni watu ambao siku nyingine zote hawaishi bila ya hivyo viwili. Husimuliwa kwamba katika njaa ya mwaka 1646 merikebu ya ngano iliingia bandarini siku hiyo, na watu kwa njaa yao hawakungoja kusaga, wakazichemsha nafaka nzima nzima; kwa hiyo hadi leo hula ngano ya kuchemsha iliyotiwa jibini tamu, na hula arancine, ambazo ni mabonge ya mchele wa zafarani yaliyojazwa nyama na njegere, au siagi na jibini na paja la nguruwe, yakaviringwa katika chenga za mkate na kukaangwa. Arancine hupatikana kila siku, lakini siku ile wanaume wazima hushindana kwa idadi, na maduka hufungua kabla ya alfajiri. Nani aliyeleta desturi ya mchele wenye zafarani katika kisiwa hiki, sidhani kama ni lazima niseme.

Jioni moshi hupanda. Ukisimama mahali popote pa juu katika mji wa kale kwenye magharibi ya jua, utaona nguzo za moshi mweupe hapa na pale baina ya paa, nazo zote ni za stigghiole: utumbo mwembamba wa kondoo au mbuzi uliooshwa sana, ukazungushwa kwa kubana kulizunguka shina la kitunguu kibichi pamoja na majani yake, ukachomwa juu ya makaa mpaka nje ukawa mkavu na ndani umebaki na mafuta. Mchomaji huukatakata kwa kisu kipana, chumvi, limau, basi. Wengine hutupa kipande cha mafuta katika moto kwa makusudi moshi uzidi, kwa kuwa moshi ndio unaowanadia, na baraza la mji likilalamika wao huhama pembe moja tu.

Moshi huo ulikuwa mwingi zaidi katika soko la Vucciria, ambalo lilikuwa soko mashuhuri kuliko yote na ambalo mchoraji Renato Guttuso alilichora mwaka 1974 katika picha kubwa iliyotundikwa katika kasri ya Steri, nyama na samaki na matunda yamejazana hata hakuna nafasi ya kupitisha mkono. Watu wa Palermo walikuwa na msemo wa kutaja jambo lisilowezekana asilani: litakuwa siku mawe ya njia ya Vucciria yatakapokauka, kwa maana mawe hayo yalimwagiwa maji ya samaki mchana kutwa. Yamekauka. Mabomu ya mwaka 1943 yaliuvunja mji wa kale na magofu yakaachwa miongo mingi, watu wakahamishiwa maghorofa ya nje, wachuuzi wakafuata wateja wao, na leo Vucciria mchana ni kimya na usiku ni mahali pa vijana kunywa. Hayo huwezi kuyajua ukipita mchana tu, wala ukipita usiku tu.

Hapa na nitaje neno juu ya mpishi ambaye kila Mwafrika anayefika Palermo yampasa kumjua. Katika karne ya 16, nyumba ya watawa ya Santa Maria di Gesù, nje kidogo ya mji, ilikuwa na mpishi mweusi aitwaye Benedetto, mwana wa wazazi wa Kiafrika waliotiwa utumwani Sicily. Hakujua kusoma. Alipika, akachota maji, akagawa chakula kwa mafukara mlangoni, na watawa wale wakamchagua awe mkuu wao. Kazi hiyo ilipokwisha akaomba arudishwe jikoni, akarudi. Alikufa mwaka 1589, na mwaka 1807 kanisa lake likamtangaza kuwa mtakatifu, naye ni mmoja wa walinzi wa mji wa Palermo. Mabaki ya mwili wake yalihifadhiwa katika kanisa la nyumba ile ya watawa hadi Julai ya mwaka 2023, moto wa misitu ulipoteremka mlimani ukaliteketeza. Nimewasikia wageni wakiulizana Waafrika wanaouza katika soko la Ballarò wametoka wapi na wamekuja lini, Waghana, Wagambia, Wanigeria, nao wanauza mihogo na ndizi karibu na maduka ya Wabengali. Ni swali la haki, lakini lina jibu la karibuni na lina jibu la zamani.

Siku hizi kuna biashara ya kuwaongoza wageni kula. Kundi la watu kumi na wawili hufuata mwavuli, wakapelekwa vituo sita kwa saa tatu, kila kituo kipande kimoja kidogo chenye kijiti, na maelezo. Na wauzaji, ambao ni wafanya biashara na wana haki ya kula na watoto wao, wameanza kukaanga saa ambazo hapakuwa na mtu wa kukaangiwa, na kuchoma stigghiole mchana wa jua kali. Silaumu sana. Hata hivyo wengu wa saa tisa na nusu, uliotayarishwa kwa ajili ya mwavuli, si wengu wa saa saba uliotayarishwa kwa ajili ya wakili mwenye njaa. Mpishi haharakishi kwa mgeni jinsi anavyoharakisha kwa jirani atakayemsema. Mwenye siku tatu Palermo na ale vitu vitatu, kila kimoja kwa saa yake na pamoja na wenyewe, kuliko kula kumi na viwili katika alasiri moja. Na mwenye nafasi ya kuchagua mwezi na achague Julai.

Kwa nini Julai, ilhali joto linakaribia kuyeyusha lami? Kwa ajili ya Santa Rosalia. Mwaka 1624 mji ulipigwa na tauni, mifupa inayosadikiwa kuwa ya bibi huyu mtawa ikapatikana katika pango la mlima Pellegrino, ikatembezwa mjini, tauni ikaondoka. Na hadi leo usiku wa tarehe 14 Julai gari kubwa lenye sanamu yake huteremshwa kutoka kasri hadi baharini, mji wote ukiwa nyuma yake. Njiani huuzwa mahindi ya kuchemsha, dengu za kukaanga, matikitimaji yaliyopasuliwa, na konokono wadogo waliokaangwa kwa kitunguu saumu, ambao haliwi mmoja wao kwa uma: hutobolewa gamba kwa jino na kunyonywa kwa mshindo, na kadiri mshindo unavyokuwa mkubwa ndivyo mlaji anavyohesabiwa kuwa mwenyeji. Katika umati huo wamo Watamili wa Sri Lanka, ambao wengi wao ni Wahindu na ambao hupanda mlima wa Santa Rosalia kwa miguu mitupu kumwomba kama wamwombavyo Mungu wao, na hakuna mtu wa Palermo anayeliona hilo kuwa ajabu. Wao pia wameanza kuuza chakula kandokando ya njia, sambusa na vikaango vya dengu na pilipili, na mwaka hadi mwaka foleni yao inaongezeka kwa Wataliani.